Dola 13 za Ada

Taasisi ya sanaa ikiishiwa fedha, hukumu huwa tayari: wamezoea kutembeza bakuli, sasa wajitegemee. Maneno matamu, ila hayajapigiwa hesabu.

Chukua Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 2002. Kilipokaribia kufungwa mwishoni mwa 2019 kilikuwa na wanafunzi wa kudumu wapatao 70, na ada yake ilikuwa wastani wa dola 13 kwa mwezi, ambazo wengi hawakuzimudu. Tuseme wote wangelipa bila kukosa: dola 910. Humo utoe mishahara ya walimu, umeme na nyuzi za udi. Ukipandisha ada, watabaki watalii na watoto wa wenye nazo.

Tena kazi yenyewe ya kufundisha haina njia ya mkato. Ala ya kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti. Kabla ya somo mwalimu hushika ufunguo akakaza uzi mmoja mmoja mpaka zile tatu zilie kama moja. Yote hayo kwa mwanafunzi mmoja. Wachumi Baumol na Bowen walilieleza hili mwaka 1966: mishahara hupanda nchi nzima, lakini muziki unahitaji mikono na dakika zilezile.

Nitaambiwa: mbona Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905? Ipo, na heshima yake. Lakini ile ni klabu ya wapigaji wa taarabu, si shule yenye walimu wanaosubiri mwisho wa mwezi. Tunzo za harusini hulipia wimbo wa usiku ule. Hazilipii wimbo ambao mtoto bado anaukosea.

Mimi lawama naipeleka kwenye namna ya kutoa. Msaada mwingi huja kwa mradi: warsha, onyesho, bango lenye nembo. Mshahara wa mlinzi haumo, na salio hurudishwa. Mradi ukiisha, hata mwenye hesabu safi anaanza na sifuri. Sauti za Busara, tamasha lenye viingilio na wageni wa kila nchi, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Chuo kama hiki kingeponea wapi? Anayetaka kijitegemee aruhusu kwanza kibakize sehemu ya kila msaada iwe akiba, na hoteli zinazokodi wahitimu wake zichangie mafunzo yao.