Mvua ya Karagwe ipimwe, isisingiziwe

KABLA hatujazifikia barua za wasomaji wetu, leo tunaomba nafasi sisi wenyewe tuseme neno juu ya maji ya mvua katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera.

Anayezifahamu wilaya hizo anajua kwamba watu wengi wanakaa juu ya vilima na maji yako chini mabondeni. Ndoo moja ni safari ya kushuka mikono mitupu na kupanda na mzigo kichwani, na mara nyingi msafiri mwenyewe ni mama, au mtoto ambaye angekuwa shuleni. Ndiyo maana mwenye nyumba ya bati akipata fedha kidogo hufikiria mifereji ya paa na tangi. Shirika la MAVUNO la huko Karagwe, likishirikiana na wahandisi wa kujitolea kutoka Berlin, limejenga matangi ya namna hiyo, na faida yake haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kubeba dumu kupanda mlima.

Sasa iko habari inayoweza kuivuruga kazi hiyo njema isipoelezwa sawasawa. Mwezi Agosti 2022, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stockholm wakiongozwa na Profesa Ian Cousins walitangaza kwamba maji ya mvua, hata yale ya Tibet na bara la barafu la kusini, yana kemikali zenye florini ziitwazo PFAS kwa kiasi kinachozidi ushauri wa afya uliokuwa umetolewa Marekani. Habari hiyo ilipopita katika magazeti ya dunia ikafupishwa kuwa maneno machache: mvua haifai kunywewa. Maneno kama hayo husafiri upesi kwenye simu, na yakifika kijijini bila hesabu yake, mtu anaweza kulifunga tangi lake na kurudi bondeni.

Hebu basi tuitazame hesabu yenyewe. PFAS ni jamii ya maelfu ya kemikali zilizotengenezwa na binadamu. Ziko katika vikaango visivyogandisha chakula, makoti ya mvua, karatasi za kufungia vyakula vya mafuta na mapovu ya kuzimia moto wa petroli. Kifungo kati ya kaboni na florini ni kigumu mno, hivyo jua, udongo na vijidudu haviwezi kukivunja kwa urahisi, na wenzetu wamezipa jina la kemikali za milele. (Zisichanganywe na floridi ya Arusha inayotia meno rangi ya kahawia. Ile ni ya miamba.) Mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka mojawapo, iitwayo PFOA, katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Kwa hiyo hatusemi kwamba hakuna hatari.

Lakini ushauri uliotumiwa katika habari ile ya mvua ulikuwa nanogramu 0.004 za PFOA katika lita moja ya maji, kiasi kidogo kuliko mashine za kawaida za maabara zinavyoweza kuona. Mvua ya Tibet iliuzidi ushauri huo mara 14 hivi. Mwaka 2024 Marekani hiyo hiyo ilipoweka kikomo cha kisheria kwa maji ya bomba, iliweka nanogramu 4 kwa lita. Ukilinganisha, mvua ya Tibet haifikii hata moja ya sabini ya kikomo hicho. Na nanogramu 4 zenyewe ni kitu gani? Ukijaza matangi 25,000 ya lita 10,000 kila moja kwa maji yaliyofikia kikomo hicho, kemikali yote iliyomo humo ni gramu 1.

Kwa upande wa pili, maji ya bondeni yanayoshirikiwa na ng'ombe hayahitaji nanogramu. Kipindupindu na homa ya matumbo vinajulikana kila kaya. Mama anayekinga mvua asitishwe na Tibet akaacha maji yaliyo mlangoni kwake.

Hata hivyo Tibet si Karagwe, na hapa ndipo lilipo shauri letu. Kumwambia mwananchi asiogope ni jambo moja; kumwonyesha kipimo cha maji yake mwenyewe ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo linalomtuliza. Mwaka 2009 vilichapishwa vipimo vya Ghuba ya Winam upande wa Kenya vilivyoonyesha kwamba PFOA na mwenzake PFOS vimo katika maji ya Ziwa Victoria na ya mito inayoingia humo. Mwaka 2018 watafiti wakazieleza kemikali hizi katika maji, udongo na mazao ya bonde la Nakivubo, Kampala. Mto Kagera nao hukusanya maji ya Rwanda na Burundi, pamoja na ya Nyabarongo yanayopita Kigali, kabla ya kuizunguka Kyerwa mpakani. Hatuwasingizii majirani. Tunasema tu kwamba mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria unastahili kupimwa.

Wafugaji wa Karagwe watatuelewa vizuri zaidi tukiwapa kisa cha mfugaji mwenzao. Huko Parkersburg, katika jimbo la West Virginia, Marekani, alikuwako mtu aitwaye Wilbur Tennant. Ng'ombe wake walikunywa katika kijito kilichopita kando ya jalala la kampuni ya DuPont, nao wakaanza kukonda na kufa. Alipolalamika, waliletwa madaktari wa mifugo sita, watatu wa kampuni na watatu wa Serikali. Taarifa yao ikasema kosa ni la mfugaji: lishe mbaya na matunzo hafifu. Ilibidi wakili Robert Bilott afungue kesi mwaka 1999 ndipo nyaraka za kampuni zikaitaja PFOA. Baadaye watu wapatao 69,000 wa eneo hilo walitoa damu ikapimwa, na jopo la wataalamu likaona uhusiano na magonjwa sita, yakiwemo saratani ya figo na maradhi ya tezi ya shingo. Tennant alikuwa ameona kwa macho yake tangu mwanzo, ila hakuwa na kipimo mkononi, na asiye na kipimo ndiye aliyelaumiwa.

Tatizo ni kwamba kipimo hiki ni ghali. Mashine inayotambua PFAS hutenganisha kemikali na kuzipima uzito moja moja, bei yake huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na inataka umeme usiokatika na mafundi waliosomea kazi hiyo. Si kitu cha kuwekwa Kayanga wala Rubwera kesho.

Ndiyo maana tumevutiwa na jambo linalofanyiwa kazi katika vyuo vya nje. Ni kihisi cha tundu dogo mno, kwa jina la kitaalamu nanopo. Utando mwembamba hutenga maji ya chumvi pande mbili, na ndani yake hupachikwa tundu moja la protini, jembamba kiasi cha kupitisha molekuli moja moja. Umeme mdogo hupitishwa humo. Molekuli ikiingia huziba njia kwa kiasi fulani na mkondo wa umeme hushuka. Ikitoka, mkondo hurudi. Kila aina huziba kwa namna yake, kama vile mlinda mlango anavyowajua watu kwa hatua zao bila kuinua macho. Mwaka 2024 watafiti wa University of South Carolina walieleza jinsi walivyoweka ndani ya tundu hilo pete ya sukari iliyotokana na wanga, iitwayo siklodekstrini, ambayo huishika molekuli ya PFAS kwa muda mfupi ikatambulikana kwa urefu wake. Protini ya tundu lenyewe hutoka kwa bakteria aletaye majipu, na tunafurahi kusikia kwamba hatimaye kiumbe huyo amepata kazi ya maana.

Tusidanganyane, kazi hii ingali ya maabara. Maji halisi yana udongo, chumvi na majani yaliyooza, na tundu linaloziba kwa molekuli moja huziba kwa uchafu pia. Lakini matundu ya jamii hiyo yanayosoma vinasaba yamekwisha kuwekwa katika kifaa kinachoshikika kiganjani, nacho kilibebwa begini hadi Guinea mwaka 2015 kufuatilia Ebola. Na Kagera wenyewe hawahitaji kufundishwa faida ya kipimo kilicho karibu. Januari 2025, ugonjwa wa Marburg ulipoingia Biharamulo, sampuli zilipimwa katika maabara tembezi ya Kabaile, humo humo mkoani, kisha zikathibitishwa Dar es Salaam.

Kwa hiyo tunaziomba Wizara ya Maji, RUWASA na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali zisingoje kifaa hicho kiive. Tanzania imo katika Mkataba wa Stockholm tangu mwaka 2004, na mkataba huo uliiingiza PFOS katika orodha yake mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Nchi iliyokubali kukizuia kitu haina budi kuwa na njia ya kukiona. Zichukuliwe chupa chache tu kwa kuanzia: matangi ya mvua ya shule na kaya, chemchemi zilizo chini ya majalala ya miji midogo, na Mto Kagera pale Murongo, mara moja masika na mara moja kiangazi. Zipelekwe kwenye mashine kubwa popote ilipo, na majibu yabandikwe katika ofisi za vijiji kwa Kiswahili chepesi, yakiwa mazuri au mabaya. Vyuo vyetu navyo viwaandikie hao wenye nanopo, vikiwaambia kwamba maji ya kujaribia yapo huku, yenye udongo wa kweli.

Wachukuaji wa sampuli wawe waangalifu. Chupa zisiwe na mfuniko wenye teflon, na bomba la tangi lisiwe limefungwa upya kwa ile tepu nyeupe ya mafundi. Na hata mvua ikinyesha vipi, mwenye chupa asivae koti lisilopitisha maji, asije akasafirisha koti lake hadi maabara na kuwaletea watu wa Karagwe majibu ya koti.