Jiwe Jeusi la Ytterby

Mwanafunzi mmoja wa chuoni petu ameniuliza: "Maalim, kitu kikiitwa adimu, ndiyo kusema kimeumbwa kidogo?" Nikamjibu kwamba si lazima, na mfano niliompa ndio huu niwaleteao wasomaji wetu watukufu.

Katika ganda la ardhi, tani moja ya mwamba ina kadiri ya gramu 30 za madini yaitwayo yitriamu, ilhali fedha haifiki hata gramu moja. Lakini fedha watu wameivaa tangu kale, na yitriamu haikujulikana mpaka mwisho wa karne ya 18. Yitriamu imetawanyika mno. Kuikuta imekusanyika pahali pamoja ndiko kuliko adimu.

Pahali pamoja ni Ytterby, kijiji cha kisiwa cha Resarö, karibu na Stockholm, nchini Swideni. Huko watu walichimba feldispa ya kutengenezea vyombo vya kauri. Mwaka 1787 askari wa mizinga, Carl Axel Arrhenius, aliona humo jiwe jeusi, zito ajabu, lenye kung'aa kama kigae cha chupa.

Lilifikaje pale? Tazameni wapikao chumvi. Maji ya bahari yakikaukiana, chumvi huganda, na chini husalia maji machache machungu, yamebeba kila ambacho chumvi haikukipokea. Kadhalika mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi: upoapo, feldispa na ulanga hujiumba, nazo chembe za yitriamu hazienei ndani yake. Basi husukumwa nje, husukumwa tena, hata zikabaki katika uowevu wa mwisho kabisa. Huo hupenya katika nyufa na kuganda kwa vipande vikubwa vikubwa, ndio mwamba uitwao pegmatiti. Humo yitriamu hushikana na chuma, berili na silika, likawa jiwe la gadoliniti.

Jina hilo latokana na Johan Gadolin, mwanachuoni wa Åbo, Ufini. Mwaka 1794 alitangaza kuwa sehemu 38 katika 100 za jiwe lile ni kitu kigeni. Alisema kweli, ila alikosea pia: berili iliyomo aliidhania alumina, kwani haikujulikana mpaka Vauquelin alipoitambua mwaka 1798. Nami nampenda zaidi kwa kosa hilo. Tena kile kitu "kimoja" hakikuwa kimoja! Mwaka 1843 Mosander alitoa humo tabiamu na abiamu, na mwaka 1878 Marignac akaitambua itabiamu. Majina manne, kijiji kimoja.

Chimbo la Ytterby lilifungwa mwaka 1933. Gadoliniti nyingi ilitokea pia Barringer Hill, huko Texas, Marekani, ikanunuliwa kwa ajili ya taa za umeme za mtindo wa Nernst. Kilima hicho leo hakionekani. Kimefunikwa na maji ya bwawa la Buchanan tangu miaka ya 1930.