"Sistimu Imekataa" Si Jibu

Wasee, kuna maneno mawili yanafaa kupigwa marufuku pale uwanja wa ndege wa Kisumu, na kila uwanja mwingine Kenya: "Sistimu imekataa."

Kabla mniite mshamba, sipingi teknolojia. Simu ndiyo inanilisha. Tiketi za karatasi ziliondolewa Juni 2008 na hakuna mtu anazililia. Leo umekaa Kondele, unanunua tiketi ya Nairobi, unalipa na M-Pesa, unachagua kiti. Poa sana.

Lakini angalieni kazi imeenda wapi. Ya kujaza majina umepewa wewe, bila malipo. Bei inapangwa na programu inayohesabu viti vilivyobaki, ndiyo maana Desemba watu wakirudi nyumbani tiketi inapanda, na hakuna mtu Kisumu wa kumuuliza kwa nini. Zamu za wafanyakazi pia zinapangwa na programu. Sasa aliyebaki kaunta ana kazi gani? Kuomba msamaha kwa niaba ya kompyuta.

Chukua kitu kidogo kama jina. Tovuti inataka "jina la kwanza" na "jina la ukoo". Omera, huku kwetu Otieno ni mtoto aliyezaliwa usiku! Kitambulisho kina majina matatu, na kila mtu huyapanga kivyake. Dada wa kaunta anaijua hiyo stori, pengine yeye mwenyewe ni Atieno. Anaangalia kitambulisho, anaangalia sura yako, anajua ni wewe. Lakini kama hajapewa ruhusa ya kurekebisha, akili yake yote haina kazi. Unalipishwa, ama ndege inakuacha.

Mabosi watasema programu haichoki. Sawa, waulizeni Southwest ya Marekani. Desemba 2022 dhoruba ya theluji ilivuruga safari, programu ya kupanga marubani na wahudumu ikalemewa, kampuni ikapoteza hesabu ya nani yuko wapi. Marubani wako tayari kuruka, lakini wamekaa kwa simu masaa wakingoja kuambiwa waende wapi. Safari zaidi ya 16,000 zikafutwa, abiria zaidi ya milioni 2 wakakwama, na serikali ikawapiga faini ya dola milioni 140. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeonya mapema. Na mambo yalipoharibika, ni watu walirudi kupanga kwa mikono.

Septemba 2024 wafanyakazi waligoma JKIA juu ya mpango wa Adani, na nchi nzima ikasikia. Adani ana jina, unaweza kumwandika kwa bango. Programu inaingia kimya, na mafunzo ya siku mbili na chai.

Kwa hivyo tudai nini? Kila zamu iwe na mtu pale kaunta mwenye ruhusa ya kupindua uamuzi wa mashine, na abiria ajue ni nani. Si ndoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inasema mashine peke yake ikikuamulia jambo zito, unaweza kudai uamuzi uangaliwe upya. Mfanyakazi aliyeamuliwa na programu naye anaweza kuishika hiyo sheria.

Na nyinyi mnaotaka kulipa karo ya kozi ya tiketi hapa mjini, mimi niliacha chuo, sina cheti cha kuwauzia. Ulizeni tu swali moja: mnafundishwa kubonyeza, ama mnafundishwa kwa nini kitufe kiko hapo na nani alikiweka? Kubonyeza, hata abiria anabonyeza. Hakuna mtu atakulipa kwa hiyo.

Siku nyingine ukiambiwa sistimu imekataa, usipige kelele. Huyo dada hakuiandika. Muulize tu kwa upole: "Sawa, sistimu imekataa. Na nani hapa anaweza kukubali?"