Kauri Juu ya Meno ya Bi Harusi

Mama mmoja ametujia kutaka shauri. Bintiye anaolewa Mfunguo Pili, inshallah, naye ameshikilia kubandikwa vigae vya kauri kwenye meno ya mbele. Tulimuuliza kwanza: meno hayo yana nini? Akajibu kuwa hayana kitu, ila hayafanani na yale yaonekanayo kwenye simu.

Hapo ndipo penye uzito. Ili kigae kikae sawa, daktari hukwangua gamba gumu la jino, kwa kawaida kiasi cha nusu milimita, na gamba hilo haliotei tena. Kauri yenyewe mara nyingi hudumu miaka 10 hadi 15, kisha hubadilishwa. Binti wa miaka 22 atakirudia kiti cha daktari, na gharama zake, hadi uzeeni. Asagaye meno usingizini huivunja mapema zaidi.

Hadithi aliyoipokea Ibn Mas'ud, radhi za Allah zimfikie, inawakemea wanaochonga meno kuyaachanisha kwa ajili ya uzuri, na wanazuoni wengi hulipima kwayo jambo hili. Kuondoa aibu ni mlango mwingine: jino lililovunjika, au madoa ya kahawia ya waliokulia Bonde la Ufa wakinywa maji ya visima yenye floraidi nyingi. Hao hatuna neno la kuwazuia.

Tumemshauri mama ampeleke binti akaondolewe ukoga kwanza, kisha wakitazame kioo upya. Mama alicheka. Binti, twaambiwa, bado amenuna.