Tusipande Juu ya Paa Lisilofungwa



Noonkopir inakua. Mbuga waliyochunga Wamasai leo ni viwanja vya nyumba, na kazi ya mjengo haikosi. Lakini liko jambo tusiloweza kulinyamazia. Mwenye nyumba akitaka kupunguza gharama, au akitaka chumba chenye dari ya juu, ubao wa kwanza kuondolewa ni ule wa kulala, unaofunga miguu ya kenchi. Husema, "Huo haubebi kitu."

Twasema unabeba. Mabati na mbao vikilemea, miguu ya kenchi hutaka kutanuka na kusukuma kuta nje. Ubao wa kulala ndio unaoivuta isiachane. Tupige hesabu. Nyumba ina upana wa mita 6, paa limeinuka mita 1.5, na kenchi moja imechukua kilo 400 pamoja na mafundi walio juu. Ubao ukifungwa chini kabisa, kwenye ukuta, huvutwa kwa nguvu ya kilo 200. Ukipandishwa hadi nusu ya kimo cha paa, nguvu hiyo huwa kilo 400, na miguu ya kenchi nayo huanza kupinda. Kwa hiyo ubao uwe chini. Ikilazimu kuupandisha, usipite theluthi ya chini. Ule ubao mdogo wa karibu na kilele una kazi nyingine, kuzuia kilele kisifumuliwe na upepo. Hauwezi kushika nafasi ya ule wa chini.

Juu ya ukubwa, ubao wa inchi 4 kwa 2 haukatiki upesi kwa kuvutwa. Kinachoshindwa ni maungio. Misumari 2 isiaminiwe, hasa katika mbao mbichi ya mkaratusi, ambayo hukauka ikapasuka. Ubao ukiungwa katikati, upigwe vipande pande zote mbili. Dari ikining'inizwa hapo, ubao usimamishwe kwa ukingo na uwe mpana zaidi. Tangi la maji lisiwekwe juu yake.

Mbao ni ghali, twajua. Kuanzia 2018 hadi 2023 serikali ilizuia ukataji miti katika misitu ya umma, na bei ikapanda. Lakini ukuta ukipasuka hulaumiwa fundi, na paa likiachia aangukaye ni fundi au kibarua wake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake hatari kubwa aionayo; na mpaka hatari hiyo iondolewe, mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo. Basi kabla bati la kwanza halijapanda, kila genge na litazame miguu ya kenchi. Fundi mmoja akikataa, atafukuzwa na kuitwa mwingine. Genge zima likikataa, ubao utanunuliwa.