Hom thieta sebuleni, nyanya barazani

Wahenga walinena kwamba kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Mpenzi msomaji, wahenga hao hawakuwahi kupanga nyumba hapa Mikindani, ukuta mmoja na mwenye wufa.

Majuzi niliitwa na jirani yangu, dereva wa trela za bandarini, nikaitazame mashine yake mpya. Mpya kwake, maana ilikwisha tumika ng'ambo kabla ya kuvuka bahari. Ni risiva nzito ya hom thieta, spika tano, na wufa yenye ukubwa wa ndoo ya maji. Kitabu cha maelezo hakikuja nayo. Bwana huyu alijinyima miezi mingi ili wanawe waache kuzurura kwenye vibanda vya video, na nia hiyo ni njema.

Lakini nilipofika saa moja jioni, saa ya taarifa ya habari, nilimkuta mamake ameketi barazani peke yake, redio ndogo ya betri sikioni. Mama huyu ana miaka sabini na ushei. Kabla ya mashine kuja, hakuna aliyethubutu kukalia kiti chake saa ya habari, na wajukuu walikuwa wakimzunguka ili wasikie atakavyowasuta wanasiasa.

"Shikamoo, nyanya. Mbona nje?"

"Marahaba, mwanangu. Wale wa ndani wanguruma tu, hawasemi."

Mwanawe alinivuta kando akaniambia kwa huzuni kwamba masikio ya mama yamekwenda, naye anaweka pesa kidogo kidogo ampeleke kwa daktari. Mkewe, aliyekuwa akimlisha mtoto uji, akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye hasikii.

Nikaichukua rimoti. Kwenye kioo cha risiva palikuwa na neno moja: STADIUM. Kumbe fundi aliyeifunga aliiacha katika hali ya uwanja wa mpira, maana ndiyo iliyotikisa madirisha zaidi siku ya majaribio. Kwa wiki sita nzima mtangazaji alikuwa akisoma habari kama mtu aliyesimama katikati ya uwanja wa Kasarani!

Spika tano, kazi mbalimbali

Tuanze na msingi. Mfumo uitwao 5.1 una spika tatu mbele, mbili ubavuni au nyuma kidogo ya wasikilizaji, na wufa, ambayo ndiyo ile nukta moja. Spika hizi si pacha. Za mbele kushoto na kulia hubeba muziki na mwendo wa picha. Za ubavuni hubeba mvua, upepo na zogo la watu. Wufa hubeba mngurumo. Ile ya katikati, ambayo wengi huidharau kwa udogo wake, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya maneno ya waigizaji. Ukiiweka mahali pabaya umewaziba midomo. Kwa jirani yangu ilikuwa juu ya kabati karibu na mlango, ati kwa sababu waya haukufika kwenye televisheni.

Sasa, hali ya sauti ni amri unayoipa risiva ijue namna ya kuzigawia spika hizo kazi. Watu wengi hubonyeza kitufe hicho wakitafuta hali inayovuma zaidi. Hapo ndipo wanapopotea. Maswali ya kujiuliza ni mawili: sauti hii ilirekodiwa kwa njia ngapi, na anayesikiliza ni nani?

Njia ngapi?

Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, sauti ilipita katika njia moja tu. Sinema ya Kihindi Sholay ilipotoka mwaka 1975, nakala zake za milimita 70 zilikuja na sauti ya stirio, na watazamaji wakastaajabu. Dolby Digital, yenye njia sita, ilianza kusikika katika majumba ya sinema mwaka 1992 kwa filamu Batman Returns, kisha DVD ikaileta sebuleni. Kila kizazi hapo kinataka hali yake.

Ukicheza taarabu ya Juma Bhalo kutoka kwa kanda ya zamani, weka STEREO. Hutapoteza kitu, maana hakuna kilichorekodiwa kwenda nyuma ya mgongo wako. Kinanda na tabla vikae mbele, kama waimbaji walivyokaa.

Kwa habari na vipindi vya mazungumzo vinavyokuja kwa njia mbili, tafuta PRO LOGIC. Hali hii iliingia majumbani mwaka 1987, na kazi yake ni hesabu: kile kilicho sawa kushoto na kulia hupelekwa katika spika ya katikati. Sauti ya mtangazaji huwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo huenda pale pale penye picha yake. Pro Logic II ya mwaka 2000 iliongeza hali mbili, MOVIE na MUSIC. Kwa maneno, chagua MOVIE.

Kwa sinema yenye njia sita, iache risiva ijitambulie yenyewe, na kioo kionyeshe Dolby Digital au DTS. Kisionyeshe, tazama waya. Zile nyaya mbili, nyekundu na nyeupe, hupitisha njia mbili tu. Unahitaji HDMI au waya wa sauti ya dijitali. Aidha, zile diski zenye sinema kumi kwa pamoja mara nyingi zina njia mbili, hata jalada liseme nini. Usimlaumu fundi kwa hilo.

Hali inayowasha spika zote kwa stirio ni ya karamu. Watu wametawanyika chumbani, muziki uwafikie wote. Siku ya posa inafaa. Siku ya habari haifai. Nazo HALL, CHURCH na STADIUM huongeza mwangwi wa bandia. Nyumba zetu ni za mawe na sakafu za vigae, zina mwangwi wa kutosha. Kuongeza mwingine ni kutia chumvi bahari. Afadhali utandike zulia na utundike pazia zito.

Vipi Dolby Atmos, iliyoanza mwaka 2012 na kuongeza sauti zinazotoka juu? Ni nzuri kwa mwenye nafasi. Lakini kwenye fleti ambayo dari yako ndiyo sakafu ya jirani, fikiri mara mbili.

Jirani naye ana masikio

Mngurumo wa wufa hupenya ukuta kuliko maneno. Ndiyo sababu jirani hajui unatazama sinema gani, lakini kila bomu analihesabu. Na huenda upande wa pili wa ukuta yuko mtoto wa kidato cha nne anayekabiliwa na mtihani, au mtu wa zamu ya usiku bandarini anayejaribu kulala. Ukiisukuma wufa pembeni mwa chumba, pembe huizidishia nguvu. Itoe hapo, na uipunguze.

Kisha kuna kitufe cha NIGHT. Hali hii hupunguza pengo kati ya mnong'ono na mlipuko, hata usilazimike kupandisha sauti mtu akisema na kuishusha bunduki ikilia. Si adabu tu. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, ziliweka kipimo cha ndani ya nyumba za makazi kuwa desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni hizo huanza saa mbili.

Kiti cha kupimia

Turudi kwa jirani yangu. Tulinunua mita nne za waya, tukaishusha spika ya katikati hadi chini ya televisheni, uso wake ukielekea kwenye viti. Zile za ubavuni tukaziweka juu kidogo ya masikio ya mtu aliyeketi. Halafu tukachukua futi ya fundi cherehani tupime umbali wa kila spika. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita ni karibu sehemu tatu za elfu ya sekunde. Ukiiambia risiva umbali, huichelewesha spika ya karibu ili zote zifike pamoja.

Jirani yangu alitaka tupimie kwenye kiti chake. Nikamwambia la, kiti cha kupimia ni cha nyanya. Akanyamaza kidogo, kisha akakikokota kiti cha mamake akakirudisha mahali pake pa zamani, ambapo wufa ilikuwa imekalia. Tukapitisha ile sauti ya majaribio, tukaiongeza ya katikati desibeli tatu, tukaweka PRO LOGIC II MOVIE.

Jioni ya pili yake nyanya aliitwa. Alikaa, akatega sikio, asiseme neno. Wajukuu wakatulia. Mtangazaji akamaliza habari ya kwanza, na mheshimiwa fulani akatokea akitoa ahadi.

"Huyu," akasema nyanya, "mbona uwongo wake ni ule ule wa mwaka juzi?"

Watoto wakaangua kicheko, na nikaona jirani yangu akijifuta macho kwa ukosi wa shati.

Hata hivyo nilimsihi asiache kumpeleka kwa daktari. Uzee huanza kwa kuiba sauti nyembamba, zile za "s" na "f", ndiyo sababu mzee husikia kwamba unasema lakini asijue unasema nini. Mashine iliyopangwa vyema humsaidia, haiponyi sikio. Pesa aliyokuwa akiweka na aendelee kuiweka.

Nawe msomaji, leo jioni kaa kwenye kiti cha yule anayesikia kwa shida zaidi nyumbani mwako, ndipo ubonyeze rimoti. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.