Meza Finyu

Mpwa wangu, kijana wa miaka 17, aliniomba nifuatane naye mpaka duka la kompyuta lililo mtaa wa pili na kwetu, ambako vijana hukodi mashine kwa saa, ili nishuhudie kwa macho yangu mwenyewe mchezo ambao mama yake amekwisha kuuteta mara nyingi mbele yangu. Nami, maadhali si ada yangu kutoa hukumu juu ya jambo nisilolijua, nilikubali, nikavuta stuli, nikaketi nyuma yake kwa muda wa saa mbili kamili bila ya kusema neno.

Mchezo wenyewe ulikuwa Counter-Strike, uliozaliwa mwaka 1999 mikononi mwa vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, kama nyongeza tu juu ya mchezo mwingine uitwao Half-Life, na ambao umevuliwa na kuvishwa sura mpya mara kadha wa kadha pasipo asili yake kubadilika. Mchezaji hauoni mwili wake ila mikono iliyoshika bunduki, na ulimwengu wote huutazama kwa jicho la yule anayelenga. Mkono wa kushoto, uliotulia juu ya herufi W, A, S na D za kibodi, ndio miguu yake. Mkono wa kulia, ulioshika kipanya, ndio shingo yake, na macho yake, na kidole chake cha kufyatulia. Wanaoutazama kwa mbali hudhani kwamba ni vita vya makelele na papara, na makelele hakika yalikuwapo. Lakini macho yangu yalipokwisha kukizoea kioo kile, niliona kwamba lililokuwa likifanyika pale ni kazi ya mkono, yenye kanuni zake na taksiri zake, kama kazi ya seremala au ya mdarizi wa kofia.

Na kazi ya mkono hutaka nafasi, nayo ndiyo iliyokosekana. Siku ya pili nilirudi na rula mfukoni. Kati ya ubao uliomtenga mpwa wangu na jirani yake wa kushoto, na ubao uliomtenga na jirani yake wa kulia, palikuwa na sentimita 60. Kibodi peke yake kilichukua 44. Zilizosalia ni 16, na katika sentimita hizo 16 kijana alitakiwa ageuke, atazame nyuma, alenge kichwa cha mtu aliye mwisho wa ujia mrefu, na kukiokota kipanya chake na kukirudisha kati kila kilipogonga ubao. Niliona wengine wakikisimamisha kibodi mshazari, ncha moja ikikaribia kuanguka mezani, ili wapate vidole vitatu vinne vya ziada.

"Mjomba," aliniambia, "hapa bila ya sensi kubwa hugeuki."

Neno hilo, ambalo vijana wamelikata kutoka neno refu la Kiingereza, ni kipimo cha wepesi wa kipanya, yaani kadiri ya mgeuko wa shingo unaopatikana kwa kadiri fulani ya mwendo wa mkono. Vijana huulizana tarakimu zao za sensi kama watu wanaoulizana makabila, nao hutukuza tarakimu kubwa au kuiiga tarakimu ya bingwa fulani, ilhali tarakimu hiyo peke yake haina maana hata kidogo, kwa sababu kila kipanya huhesabu nukta zake na kila mchezo una kigawanyo chake. Counter-Strike humgeuza mchezaji kwa 0.022 ya digrii kwa kila nukta, ikizidishwa kwa sensi. Valorant, mchezo uliotoka mwaka 2020 na ambao kwa sura ni ndugu yake, humgeuza kwa 0.07, basi anayehamisha tarakimu ileile kutoka mmoja kwenda mwingine hujikuta amekuwa mwepesi zaidi ya mara tatu, akashangaa kwa nini mkono wake umemsaliti. Kipimo cha kuaminika ni rula. Mtu na aulize: nikivuta kipanya changu upande mmoja, ni sentimita ngapi mpaka niwe nimezunguka duara zima na kurudi nilipokuwa?

Chukua kipanya kinachohesabu nukta 400 kwa inchi, pamoja na sensi ya 2 katika Counter-Strike. Duara zima huhitaji nukta zipatazo 8,182, nazo ni sentimita 52. Wengi katika mabingwa wa mchezo huo hukaa jirani na kipimo hicho, wengine juu yake na wengine chini yake. Mpwa wangu alikuwa na nukta 1,600 na sensi ileile ya 2, basi duara lake lilikuwa sentimita 13, na hakulichagua kwa hiari. Lilikatwa kwa kipimo cha meza. Katika kipimo cha kwanza digrii moja ya shabaha ni mwendo wa milimita moja na nusu kasoro kidogo, jambo ambalo mkono wa binadamu, ukiwa na utulivu, unaliweza. Katika kipimo chake ni kama theluthi ya milimita, na kichwa cha hasimu aliye mbali aghalabu ni chini ya digrii moja. Alikuwa akitakiwa apenyeze uzi katika tundu la sindano kwa mkono uliofungwa kiwikoni.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kabla ya kompyuta. Aliyewahi kukaa tezini anafahamu tofauti ya kana ndefu na kana fupi: kwenye kana ndefu mkono husafiri sana na omo ya mashua ikageuka taratibu, hata mtetemo wa msukani haufiki majini; kwenye kana fupi, kukohoa tu kunatosha kuitupa omo nje ya njia. Hapana nahodha aliyejisifu kwa ufupi wa kana yake.

Mwaka 1899 mtaalamu wa Kimarekani, Robert Woodworth, alichunguza mkono unaoelekea kwenye alama, akaona kwamba mwendo wake una sehemu mbili: kwanza mruko mmoja wa haraka unaoufikisha karibu, kisha masahihisho madogo yanayoongozwa na jicho. Tazama mchezaji hodari na utaziona sehemu hizo mbili waziwazi. Bega na kiwiko hutoa mruko, kifundo na vidole hutoa masahihisho. Kifundo cha mkono huyumba kwa digrii kama 50 tu kutoka upande mmoja hadi wa pili, basi mwenye kukigandamiza kiwiko chake mezani amekipa kiungo kidogo kazi zote mbili, na huko ndiko kunakotoka ule mkono unaorusha, ukapita shabaha, ukarudi, ukapita tena.

Sijasema bado juu ya miguu, nayo ndiyo sehemu iliyonipendeza kupita zote, kwa sababu nilidhani kwamba miguu na shabaha ni mambo mawili, kumbe ni jambo moja.

Turudi nyuma mpaka Quake, mchezo wa mwaka 1996 ambao John Carmack aliuandikia programu yake, na ambao mwaka uliofuata ulimpatia Dennis Fong, aliyeitwa Thresh, gari jekundu la Ferrari lililokuwa mali ya Carmack mwenyewe. Fong ni katika walioueneza ule mpangilio wa mikono miwili, herufi nne kushoto na kipanya kulia, wakati ambapo wachezaji wengi walikuwa wakigeuka kwa vitufe tu. Katika Quake mwendo wa ardhini una ukomo, vipimo 320 kwa sekunde. Lakini kanuni iliyouweka ukomo huo hairuhusu kasi kuzidi kwa upande ule tu ambao mchezaji ameutaka. Haipimi kasi yake yote kwa jumla. Wachezaji waligundua kwamba mtu akiruka, akashika mbele na ubavuni kwa pamoja, na akiwa hewani akakigeuza kipanya polepole kwa kupinda kimoja kisichokatika, kila chembe ya kasi huongezwa kwa upande uliokwenda mshazari na mwendo wake, na jumla ikapita ukomo. Na maadhali msuguano hukamata ardhini peke yake, mwenye kuruka tena mara tu anapogusa chini huzidi kuongezeka. Carmack alijaribu kulisahihisha kosa hilo wakati wa kutengeneza Quake III Arena ya mwaka 1999, akaona kwamba usahihi wenyewe unaharibu ladha ya mwendo, akaurudisha utaratibu wa zamani. Maandishi ya programu yake yalipotolewa hadharani mwaka 2005, njia iliyo sahihi ilikutwa imo ndani, imezimwa, na pembeni yake pameandikwa kwamba hiyo ndiyo iliyo sawa ila haipendezi. Mimi naona kwamba huo ulikuwa uamuzi wa fundi anayeiheshimu kazi yake kuliko kanuni yake.

Angalia basi ni nini kinachotakiwa: kupinda kimoja kisichokatika. Mkono unaogonga ubao wa jirani katikati ya mruko haupindi, hukatika. Kasi ya miguu huzaliwa mkono wa kulia.

Counter-Strike iko kinyume chake kwa tabia, wala haitofautiani kwa hekima. Humo anayefyatua huku akikimbia hupoteza risasi zake, kwani mchezo huzitawanya kwa makusudi, na bunduki ya AK-47 hairudi kwenye utulivu wake mpaka kasi ya mwenye kuishika ishuke chini ya takriban theluthi ya kasi yake ya juu. Mwenye kuiachia herufi tu huteleza kidogo kabla ya kusimama, na mtelezo huo ni mauti. Kwa hiyo stadi huigusa herufi ya upande wa pili kwa mguso mfupi, akajifunga breki, akasimama, akapiga, akaondoka tena. Na wakati ule miguu inapomtoa pembeni ya ukuta, shabaha yake hukaa tayari juu ya mahali ambapo kichwa cha hasimu kitatokea, hata akitokea kweli, mwili wenyewe umekwisha kumfikisha na mkono una kidogo tu cha kurekebisha. Nilimwona mpwa wangu akisimama vizuri kabisa, kwa wakati wake hasa, kisha mkono ukamrusha nje ya shabaha kwa kadiri ya ukucha, akafa. Jambo hilo lilitokea mara nyingi, nami nilisikitika, kwa sababu miguu yake ilikuwa imejifunza na mkono wake haukupewa fursa.

Nitajibiwa kwamba wako hodari wenye vipanya vyepesi. Wako, na katika Quake, ambako hasimu hutokea nyuma, juu na chini, mwenye duara la sentimita 52 anaweza kuwa mzito kupita kiasi. Sidai tarakimu moja kwa watu wote. Nadai kwamba kijana aichague yake mwenyewe, akae nayo kwa miezi, mkono uihifadhi, badala ya kuchaguliwa na seremala aliyezikata mbao.

Hapa nazungumza na wenye maduka haya, ambao wengi wao ni watu wa heshima wanaohangaika na kodi ya pango na gharama ya umeme. Safu ya mashine sita kwa sentimita 60 ni mita tatu na sentimita 60; safu hiyohiyo hutosha mashine nne kwa sentimita 90. Sisemi mbao zote zing'olewe kesho. Safu moja tu ipanuliwe, na bei ya saa katika safu hiyo izidi kwa nusu, na pato litakuwa lilelile; vijana wanaojifunza kwa dhati watalipa, kwani nimewaona wakilipa zaidi kwa mambo duni. Kibodi kifupi, kisicho na zile tarakimu za upande wa kulia, huokoa kama sentimita nane bila ya kugusa ubao wowote. Tena ile alama ndani ya Windows inayokifanya kipanya kiende mbali zaidi kila mkono unapoharakisha, ambayo hukutwa imewashwa tangu mwanzo, izimwe katika kila mashine, kwa sababu ipo michezo inayoitii, na mkono hauwezi kujifunza mizani inayobadilika yenyewe. Na wale wanaoandaa mashindano ya vijana wetu, wanaotumia fedha nyingi kwa taa na mabango, wapime meza kabla ya kuchapa bango la kwanza.

Jumamosi iliyopita tulikaa nyumbani kwa dada yangu, mpwa wangu na mimi, mbele ya kompyuta ya mapajani niliyoiazima, yenye toleo la zamani la Counter-Strike. Tuliitandua meza ya kulia, tukakunja kitambaa, tukalaza utepe wa fundi cherehani kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Akaweka nukta 400 na sensi ya 2. Akailenga kona ya mlango wa rangi ya buluu, akavuta kipanya kwa mkono wote, taratibu, kutoka begani. Kuta zikapita, dirisha likapita, ngazi ikapita, na utepe ulipofika 40 nilimwona akisita, kwani mkono wake haujapata kufika huko. "Endelea," nikamwambia. Dada yangu alikuwa amekwisha kutoka jikoni na sinia ya wali, akasimama mlangoni, naye hakusema kitu, akangoja mpaka mkono ulipotimiza 52 na kona ya mlango wa buluu ikarudi chini ya shabaha.